Ramu kwa Mwenye Fedha Chache

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linawagawanya wasomaji wake. Katika toleo lililopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba ovakloki, yaani kuiendesha kompyuta kwa mwendo unaopita ule uliowekwa kiwandani, ni mchezo wa matajiri, na kwamba kijana wa kawaida afadhali auache. Katika kurasa zile zile ndugu yetu mmoja wa zamani alishauri kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya chumba cha kompyuta zinunue ramu za mwendo mkali kabisa, zenye taa za rangi, ili wageni wakija waone kwamba shule yetu haikubaki nyuma. Kwa heshima zote, mimi siafikiani na yeyote kati yao. Wa kwanza anamnyima maskini kitu ambacho ni chake hasa, na wa pili anataka kutupa fedha za watu.

Ni nani anayehitaji mwendo wa bure kuliko yule asiyeweza kuununua? Tajiri akiona kompyuta yake yakokota miguu huenda dukani akanunua nyingine. Sisi wengine hatuna budi kuikamua ile tuliyo nayo. Wazee wenzangu watakumbuka prosesa ya Intel iliyoitwa Celeron 300A, ambayo ilitoka mwaka 1998. Iliuzwa rahisi, imeandikwa megahezi 300. Watu walipopandisha mwendo wa njia yake kuu kutoka 66 hadi 100, nyingi zilifika 450 bila kunung'unika, zikashindana na prosesa za bei kubwa zaidi sana. Lakini jambo linalosahauliwa ni kwamba kazi ile ilitaka ramu inayoweza kwenda 100. Mwenye ramu ya 66 mara nyingi alibaki akitazama wenzake tu. Tangu siku zile, basi, ramu ndiyo iliyokuwa mlango wa mambo haya.

Mimi nakaa Juba, katika mtaa wa Hai Amarat. (Hai kwa Kiarabu ni mtaa, na amarat ni majengo.) Mchana nafanya kazi ya hesabu ofisini, na jioni vijana wa jirani huniletea kompyuta zao, maana walisikia kwamba zamani nilikuwa mwenyekiti wa chama cha kompyuta shuleni. Wengi wao walikulia Kakuma au katika kambi za Uganda, na ndiyo sababu twaelewana kwa Kiswahili. Kompyuta zenyewe ni za mtumba: zilitumika maofisini Ulaya, zikashuka Mombasa, zikapitia Nairobi au Kampala, zikavuka mpaka Nimule, kisha zikafuata ile lami ya kilomita 192 mpaka hapa. Kila mkono uliozishika umeongeza kitu juu ya bei. Kwa hiyo ninaposema fedha chache sisemi kwa mfano.

Na tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 fedha hizo chache zilizidi kupungua nguvu, kwa kuwa bei ya ramu duniani ilipanda zaidi ya mara mbili katika muda mfupi. Sababu haikujificha. Sehemu kubwa kabisa ya chipu za ramu hutoka kwa makampuni matatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Viwanda vyao vikageuka kuwatengenezea wenye majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia, ambao hulipa vizuri kuliko wewe na mimi. Mwezi wa Desemba mwaka ule Micron ikatangaza kwamba itaacha biashara ya Crucial, jina ambalo watu wa mapato madogo tulilitegemea kwa miaka mingi. Habari hizi za mbali zinamgusa moja kwa moja kijana wa mtaani kwetu aliyeweka akiba miezi sita.

Basi kabla hujauliza habari za ramu, uliza habari za kompyuta yako. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kompyuta za ofisi za HP na Dell, ambazo zimejaa sokoni, bayosi zake hazimpi mwenyewe ruhusa ya kupandisha mwendo wa ramu. Utie humo ramu ya 3600, nayo itakwenda kwa mwendo wa kawaida tu, labda 2400 au 2666, na fedha yako imelala. Hali kadhalika mbao mama za bei ndogo za prosesa za Intel: H310, B360 na B365 huishia 2666, na Intel haikufungua mlango huo chini ya zile za bei kubwa mpaka mwaka 2021, zilipotoka B560 na H570. Kwa AMD mambo ni mepesi. B350 ya mwaka 2017 na B450 ya mwaka 2018 humruhusu mwenyewe, nazo ndizo ninazowashauri vijana wazitafute. Kama kompyuta yako haina ruhusa, usisikitike. Nunua ramu ya kawaida inayotosha, na chenji ule chapati. (Nasema juu ya DDR4. Habari za DDR5 naziacha, maana mwenye uwezo nayo hahitaji ushauri wangu.)

Tuseme ruhusa unayo. Jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote ni kununua vipande viwili badala ya kimoja. Prosesa hizi zina njia mbili za kwendea kwenye ramu. Kipande kimoja cha gigabaiti 16 hutumia njia moja, na ya pili hukaa kama lango la nyuma la shule, lipo lakini lina kufuli. Tupige hesabu. Kipande kimoja cha 2666 chaweza kupitisha gigabaiti 21 na kitu kwa sekunde moja; viwili vyapitisha 42 na kitu. Lakini kukipandisha kile kimoja kutoka 2666 hadi 3200 kwaongeza asilimia 20 tu. Aliyenunua kipande kimoja cha mwendo mkali amejinyima mia ili apate ishirini. Najua hiyo ni hesabu ya karatasini, na katika kazi faida huwa ndogo kuliko hapo, lakini ipi ni kubwa na ipi ni ndogo haibadiliki. Na kwa wale ambao prosesa yao huchora picha yenyewe bila kadi, kama Ryzen 5 3400G au 5600G, tofauti yaonekana kwa macho, maana picha nazo zinakula katika sahani ile ile ya ramu. Kijana anayechezesha kandanda au anayehariri video za harusi ataiona siku ya kwanza.

Vipande hivyo vinunuliwe siku moja na viwe vya namna moja. Ukichanganya kipya na cha zamani, aghalabu vitafanya kazi, lakini kwa mwendo wa yule mvivu, na ukitaka kupandisha utavutwa nyuma na yeye huyo huyo.

Sasa namba. Kila muuzaji hupiga kelele juu ya 3200 na 3600, lakini kuna namba ya pili ambayo haitaji: ile ya CL. Mimi huiita subira, kwa kuwa ni hesabu ya mapigo ambayo prosesa yangoja tangu kuomba mpaka kupewa. Chukua subira, zidisha kwa 2000, gawanya kwa mwendo, utapata nanosekunde. Ramu ya 3200 yenye CL16 yangoja nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 yangoja 10 vile vile. Ya 3000 yenye CL15, 10 tena. Lakini ya 3200 yenye CL22 yangoja 13.75, na ya 2666 yenye CL19 yangoja 14.25. Mtu aweza kukuuzia "3200" mbili kwa bei mbalimbali, na wewe ukadhani ni kitu kimoja. Kutoka 3200 CL16 kwenda 3600 CL18 kwaongeza upana wa njia kwa asilimia 12 na nusu, na kungoja hakupungui hata kidogo. Kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua. Kama ni kubwa, uiache dukani.

Kwa ramu ya mtumba karatasi iliyobandikwa ndiyo shahidi, na nawaomba wadogo zangu wajifunze kuisoma kama wanavyosoma ramani. Utakuta, kwa mfano, 1Rx8 PC4-2666V-U. PC4 maana yake ni DDR4. Ile 2666 ni mwendo. Herufi iliyoshikamana nayo ni subira: T ni 17, V ni 19, AA ya zile za 3200 ni 22. Ile 1Rx8 yasema namna chipu zilivyopangwa. Kipande cha gigabaiti 8 chenye 1Rx8 kina chipu nane. Chenye 1Rx16 kina nne tu, nacho hupwaya kidogo katika kazi. Hata kama karatasi imebanduka waweza kuhesabu chipu kwa kidole, labda zifunikwe na koti la alumini.

Kisha ile herufi ya mwisho. U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva. Jirani yangu mmoja, kijana wa bodaboda, alituma fedha zake zote kwa duka fulani la mjini nje ya nchi hii, akaletewa vipande viwili vya gigabaiti 16 kwa bei ya ajabu. Vilikuwa na R. Vinaingia katika nafasi yake vizuri kabisa, maana meno ni yale yale 288, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki. Muuzaji alipopigiwa simu alisema kwamba aliulizwa ramu akauza ramu. Kweli hakusema uwongo. Nauli ya kuvirudisha ilikuwa karibu sawa na bei yake, kwa hiyo viko dirishani kwake mpaka leo. Ukiwa dukani mwenyewe, mwombe muuzaji akitie kipande katika kompyuta yake na kukisoma kwa programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure. Akikataa, maduka ni mengi.

Nije kwenye taa, kwa kuwa ndizo zilizomvutia ndugu yetu wa zamani. Wahenga walisema kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Taa hazipeleki hata herufi moja kutoka ramu hadi prosesa. Chini ya koti na taa kuna chipu za yale makampuni matatu niliyoyataja, na mara nyingi ni zile zile zilizomo katika kipande cha uchi kilichotolewa ofisini. Kwa mwendo wa kiasi ninaousema, koti lenyewe halina kazi kubwa. Hapo mtoto wa kidato cha tatu na mimi tunakuwa upande mmoja: kweli kuna mchezo wa matajiri, nao ni huo.

Kupandisha kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Kama kipande kina XMP, yaani mwendo ulioandikwa ndani yake na mtengenezaji, iwashe katika bayosi na kazi yako imekaribia kwisha. Kama ni kipande cha kawaida, kiwango chake ni volti 1.2. Kipe volti 1.35, ambazo ndizo ramu nyingi zenye XMP hupewa, na mimi sipiti hapo katika nyumba yenye joto kama yangu. Kisha panda ngazi moja moja: 2666, 2800, 2933, na kadhalika. Vingi nilivyovishika vilifika 3000, vingine 3200, na viko ambavyo havikusogea hata hatua moja. Hiyo ni bahati, wala hakuna sababu ya kuvipiga. Kompyuta ikikataa kuwaka, izime, ondoa ile betri ndogo ya duara katika ubao mama kwa dakika chache, uirudishe, itasahau uliyoyaandika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii huna hasara. (Kubadilisha programu yenyewe ya bayosi ni habari nyingine; hilo usilijaribu kwa umeme wa jenereta ya jirani.)

Lakini kuwaka si kupona. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana sababu kubwa ya kuandika makala haya ni hii. Chipu ya ramu huweka kila tarakimu kama chembe ya umeme katika kichungu kinachovuja. Ili zisipotee, hujazwa upya zote kila milisekunde 64. Joto likizidi, kuvuja kwazidi. Na mwendo ukiwa umekazwa mpaka mwisho, tarakimu moja katika mamilioni hugeuka, moja ikawa sifuri, na kompyuta haisemi neno. Inaandika kosa lile katika faili na kuendelea kama kwamba hakuna kitu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa chuo hapa mtaani alifungua tasnifu yake akakuta kurasa arobaini zimekuwa alama zisizosomeka. Nakala aliyokuwa nayo katika flashi ilinakiliwa kwa kompyuta ile ile, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Rafiki yake alikuwa amempandishia ramu hadi 3466 usiku mmoja wa mwezi wa Julai, wakaona inawaka, wakapeana mikono.

Kwa hiyo pima. Programu ya Memtest86+ ni ya bure. Huwekwa katika flashi, na kompyuta huwaka kutoka humo. Iache izunguke mara nne. Kosa likionekana hata moja, shuka ngazi upime tena. Usijidanganye kwamba moja si kitu. Na usipime usiku. Juba mwezi wa Julai ni ya kupendeza, lakini Februari na Machi joto la mchana hukaribia nyuzi 38 kwa wastani, na ziko siku linalopita hapo sana. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote za nchi kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikafunga tena baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba. Ramu iliyofaulu usiku wa Julai haijafanya mtihani wa Machi. Mimi huwaambia vijana waje na kompyuta saa saba mchana, madirisha yamefungwa, na mfuniko wa kompyuta uwe mahali pake. Umeme wa hapa hununuliwa kwanza kwa mita ndipo ukatumiwa, na saa tatu au nne za kupima ni fedha. Ni fedha inayostahili kutoka. Ikifaulu, nawashusha ngazi moja chini ya hapo ilipofaulu, wakaondoka na mwendo wao. Hunilaumu kwa ngazi ile moja. Nawaacha walaumu.

Juu ya chumba cha kompyuta cha shule, basi, maoni yangu ni haya. Kompyuta nyingi mle ni za ofisi, hazina ruhusa ya kupandishwa, na nyingi zina kipande kimoja. Fedha zilizochangwa zinunue kipande cha pili cha kila moja, cha kawaida, kilichosomwa karatasi yake. Zile nne zilizoundwa na wanafunzi wenyewe kwa ubao wa B450 zipewe jozi za gigabaiti 8 mara mbili, nazo ziachiwe kidato cha tatu wazipandishe kwa mikono yao, na daftari iwekwe kando ya kila moja kuandika tarehe, volti, mwendo, joto la chumba na makosa yaliyoonekana. Mwandishi wetu wa toleo lililopita angefaa sana kuitunza daftari hiyo. Jozi ya kwanza nimekwisha kuipata: 1Rx8, PC4-2666V, ina U, na hapa kwangu imepimwa mchana kwa 2933 bila kosa. Nimeitia katika bahasha pamoja na flashi ya Memtest86+, na dereva wa lori anayeteremka Nairobi mwisho wa mwezi amekubali kuileta.